Shabiki wa Munisagara Naye Ana Neno

Jumamosi, tarehe 8 Machi, 2025, pambano la Simba na Yanga lililokuwa likingojewa na nchi nzima halikuchezwa. Halikuzuiwa na mvua, wala na msiba wa taifa, wala na kuzimika kwa taa za uwanja. Lilikwama kwa sababu wakubwa wa mchezo wenyewe walishindwa kuelewana juu ya mlango wa uwanja. Zilipita siku 109 kabla ya gozi kupigwa, tarehe 25 Juni, Yanga iliposhinda kwa mabao mawili kwa bila na kutwaa ubingwa wa msimu ule. Walioshinda walisherehekea, walioshindwa walikwenda zao, na magazeti, hili letu likiwamo, yaligeukia habari za usajili wa wachezaji.

Sisi tunaona kuwa jambo hili lilisahauliwa upesi mno. Walilisahau viongozi kwa kuwa halikutoka mifukoni mwao. Liliwagharimu watu wengine ambao hawakai katika vikao, hawaitwi na waandishi wa habari na hawana wakili wa kuwapelekea kesi yao mbele ya mahakama ya michezo ya huko Uswisi. Hao ndio tunaotaka kuwasemea leo.

Tumtazame shabiki wa Munisagara. Munisagara iko katika wilaya ya Kilosa, upande wa magharibi ya mji wa Kilosa, katika bonde la mto Mkondoa inakopita Reli ya Kati ikielekea Gulwe na Dodoma. Ni nchi ya wakulima. Watu wa bonde hili wanajua maana ya njia kukatika, maana mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliikata reli baina ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Mtu wa huko akitaka kuliona pambano la Simba na Yanga kwa macho yake, hana budi kuanza safari mapema. Atapanda pikipiki hadi Kilosa mjini, kisha basi au treni hadi Morogoro, kisha Dar es Salaam, na huko atatafuta ndugu wa kumlaza. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, kiingilio cha uwanjani na zawadi ya kumpelekea mwenyeji, vyote hivyo vimetoka katika gunia la mahindi lililouzwa kabla ya wakati wake. Mtu huyo akifika mjini akaambiwa kuwa mchezo umeahirishwa, hata kama tiketi yake itabaki halali kwa siku nyingine, nani atamrudishia nauli? Nani atamrudishia siku mbili za palizi alizoziacha mwezi Machi, wakati magugu hayaahirishwi?

Na yule ambaye hakusafiri naye ana hasara yake. Alilipia kibanda cha kutazamia mpira, au alinunua kifurushi cha televisheni, au alichaji betri ya redio. Alifunga duka mapema. Aliwaita watani wake waje wakae pamoja. Kisha wakakaa wakitazamana.

Si mara ya kwanza jambo hili kutokea, na hapa hatuna budi kusema kwa haki ili kusiwe na upande utakaojitia usafi. Tarehe 8 Mei, 2021, nayo ilikuwa Jumamosi, pambano kama hilo lilipangwa kuchezwa saa 11 jioni. Siku ile ile, watu wakiwa wamekwisha kuingia uwanjani, saa ilisogezwa mbele hadi saa 1 usiku. Yanga walisema kuwa kanuni haziruhusu saa kubadilishwa kwa namna ile. Wakaja uwanjani saa 11, wakapasha misuli, wakaondoka. Simba walikuja kwa saa mpya na hawakumkuta mtu. Mchezo ulichezwa tarehe 3 Julai, siku 56 baadaye, na Yanga wakashinda kwa bao moja kwa bila.

Mwaka 2025 mambo yaligeuka. Safari hii walikuwa Simba waliogoma. Walieleza kuwa usiku wa kuamkia siku ya mchezo walizuiwa kuingia katika Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi, ingawa kanuni za ligi zinampa timu mgeni haki hiyo. Bodi ya Ligi ikaahirisha pambano. Yanga, waliokuwa wenyeji, wakasema kuwa kwao siku ya mchezo ilikuwa ile ile iliyotangazwa, wakafika uwanjani, wakadai haki yao ya pointi, na shauri lao likafika hadi Uswisi. Miezi ikapita, maneno yakazidi, mpaka mwisho watu wakacheza kile kile ambacho wangeweza kukicheza mwezi Machi.

Kwa hiyo kila klabu imekwisha kuwa mgomaji, na kila klabu imekwisha kuwa mlalamikaji. Shabiki wa Simba anayewacheka Yanga kwa mwaka 2021 anajicheka mwenyewe kwa mwaka 2025, na kinyume chake. Aliyekuwa upande mmoja katika mambo yote mawili ni shabiki peke yake. Mara zote mbili alikuja, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu.

Wako watakaosema: Munisagara na Kariakoo kunani? Kwa nini mkulima wa bonde la Mkondoa apoteze usingizi kwa ajili ya vilabu viwili ambavyo makao yao yako mitaa miwili ya Dar es Salaam, mmoja Msimbazi na mwingine Jangwani? Swali hili linastahili jibu, wala halitoshi kusema kuwa ni ushabiki tu.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ambayo baada ya majina mengine iliitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Vilikuwa vilabu vya vijana wa mji. Lakini Dar es Salaam ni mji uliojengwa na watu wa bara. Waliokwenda kupakua mizigo bandarini, waliokwenda kufanya kazi ya reli, waliokwenda kutafuta kodi, walijiunga na vilabu hivyo, na waliporudi kwao walirudi na jina la timu pamoja na kanga za mama zao. Reli ile ile iliyofika Kigoma mwaka 1914 ikawa njia ya habari za mpira. Kisha ikaja redio. Sauti ya mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam ilifika chini ya miembe ambako hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona uwanja wa Taifa, na kila msikilizaji akawa na uwanja wake kichwani.

Jambo la thamani ni hili: watu hawakugawana timu kwa kabila, wala kwa dini, wala kwa mkoa. Katika nchi za jirani ziko klabu kubwa ambazo ukitaja jina la timu umekwisha kutaja na kabila la wengi wa mashabiki wake. Kwetu katika nyumba moja baba ni Yanga na mama ni Simba, na watoto wamegawanyika kama walivyopenda. Msagara, Mkaguru, Mluguru, Mhehe aliyehamia na Mmasai apitaye na ng'ombe wake, wote wanaweza kukaa katika benchi moja na kugombana kwa raha juu ya penalti. Katika taifa changa lililojengwa na makabila zaidi ya mia moja, hiyo si faida ndogo.

Ndiyo maana tunaziita timu hizi watani wa jadi, na neno hilo hatuna budi kulipima vizuri. Sisi wa mkoa wa Morogoro tunajua utani ni nini. Mtani huja msibani na vituko vyake. Huweza kulichukua jembe la kuchimbia kaburi akalikalia mpaka apewe kitu. Huweza kumwiga marehemu mbele ya wafiwa, na watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayechimba kaburi, na maiti ikifika makaburini huzikwa. Haijapata kusikika kuwa mtani amezuia mazishi, watu wakarudi nyumbani, jeneza likangoja miezi mitatu hadi ukoo uelewane. Akifanya hivyo, utani umekwisha na umegeuka uadui. Viongozi wa vilabu vyetu viwili wanapaswa kujiuliza ni kipi kati ya hivyo viwili walikifanya tarehe 8 Machi.

Tena iko kumbukumbu nyingine ambayo ndugu zetu wa mjini hupenda kuisahau. Pambano hili halikuwa mali ya Dar es Salaam wakati wote. Mwezi Agosti 1974 Simba na Yanga walikutana katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua ubingwa wa taifa. Yanga walishinda kwa mabao mawili kwa moja baada ya muda wa nyongeza, na hadi leo wako wazee wanaousimulia mchezo ule kana kwamba ulichezwa jana. Mwezi Julai 2007 walikutana hapa hapa kwetu, katika uwanja wa Jamhuri, Morogoro. Walitoka sare ya bao moja kwa moja, na Simba wakatwaa ubingwa kwa mikwaju ya penalti. Siku hiyo mtu wa Kilosa alikwenda na kurudi bila kuuza gunia zima. Kwa hiyo shabiki wa mikoani si mgeni aliyejialika katika jambo hili.

Sasa tuitazame fedha, maana siku hizi mpira ni fedha. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilitia saini mkataba wa miaka 10 na kampuni ya Azam Media kwa ajili ya haki za kuonyesha ligi kuu katika televisheni, kwa shilingi bilioni 225.6. Mwishoni mwa mwaka 2017 wanachama wa Simba walikubali mabadiliko ya mfumo wa klabu yao, na mwekezaji, Bwana Mohammed Dewji, akaahidi shilingi bilioni 20, huku serikali ikishikilia kuwa wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi asilimia 49. Yanga nao wameifuata njia ya wafadhili wakubwa. Matunda yameonekana. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika wakapambana na USM Alger ya Algeria, na mwaka 2025 Simba walifika fainali ya kombe hilo hilo dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Kabla ya hapo klabu ya Tanzania bara ilikuwa imefika fainali ya kombe la Afrika mara moja tu, Simba walipocheza na Stella ya Abidjan mwaka 1993. Hatuyabezi maendeleo haya. Tunayafurahia.

Lakini tujiulize, kampuni ya televisheni ilinunua nini kwa bilioni hizo? Haikununua nyasi za uwanjani. Ilinunua macho ya watu. Mwenye bidhaa anayetundika jina la bidhaa yake kifuani mwa mchezaji ananunua mapenzi ya yule wa Munisagara, ambaye kesho akienda dukani atalikumbuka jina hilo. Mapenzi haya ndiyo mkonge unaoingia kiwandani ukatoka kamba. Na sisi wa Kilosa tunaijua hadithi ya mkonge. Tuliulima miaka mingi, kamba zikafunga meli za mbali, na aliyekata majani alilipwa mwisho kuliko wote. Hatupendi kuona mpira ukiwa shamba jingine la namna hiyo.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Ligi ambayo wakubwa wawili wanaweza kuisimamisha ni ligi ambayo wadogo hawana mahali pa kusimama.

Mkoa wetu una ushahidi. Mwaka 1975 klabu ya Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa taifa, ikiwa klabu ya kwanza kuutoa ubingwa huo nje ya Dar es Salaam. Baadaye Reli ya Morogoro ilijipatia sifa ya kuwaangusha wakubwa, hata watu wakaiita Kiboko ya Vigogo. Kutoka mkoa huu alitokea Zamoyoni Mogella, ambaye mabao yake yalimfanya awe kipenzi cha Simba na Taifa Stars. Kisha Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, ikautwaa ubingwa wa taifa mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na mwaka 2000, na mwaka 2018 ikachukua Kombe la Shirikisho la nchini kwa kuifunga Singida United mabao matatu kwa mawili. Hatukuwa peke yetu. Tukuyu Stars ya Mbeya ilipanda daraja na kuwa bingwa mwaka 1986, na Coastal Union ya Tanga ikawa bingwa mwaka 1988.

Tangu Mtibwa waupokee ubingwa wa mwaka 2000 hadi msimu wa 2024/25, hakuna klabu yoyote ya nje ya Dar es Salaam iliyouchukua tena. Katika miaka hiyo 25 kombe lilitoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, mwaka 2014, nalo likaenda Chamazi kwa Azam, ambako bado ni Dar es Salaam. Mseto haimo tena katika ligi, wala Reli. Mtibwa wenyewe waliteremka daraja mwishoni mwa msimu wa 2023/24, wakashindana mwaka mzima katika daraja la chini, na wakarejea ligi kuu kwa msimu wa 2025/26.

Sasa msomaji na apime. Mwaka 2004 Mtibwa walishindwa kusafiri kwenda Afrika Kusini kurudiana na klabu ya Santos katika mashindano ya Afrika. Shirikisho la Afrika liliwafungia na kuwatoza faini. Miaka 14 baadaye, waliposhinda kombe la mwaka 2018 na kupata haki ya kurudi Afrika, ilibidi kwanza walimalize deni lile. Hatusemi kuwa walionewa. Asiyefika uwanjani ana makosa, na aliyekosa aadhibiwe. Tunasema tu kuwa klabu ya Turiani ilikosa mchezo mmoja, na mchezo huo ukaifuata kwa miaka 14. Vigogo wa Kariakoo wamekosa kucheza mara mbili katika miaka minne, na kila mara walitafutiwa tarehe nyingine. Mtoto wa Munisagara akiuliza kwa nini sheria ina uzito huku na wepesi kule, mzazi wake amjibu nini?

Tumesikia hoja za upande wa pili, nasi tutazieleza kwa uaminifu. Inasemekana kuwa kanuni ni kanuni, na klabu inayokubali kuvunjiwa haki leo itavunjiwa kubwa zaidi kesho. Mgeni akinyimwa uwanja wa mazoezi usiku wa leo, kesho atanyimwa chumba cha kubadilishia nguo. Saa ikisogezwa leo kwa amri isiyo na maelezo, kesho utasogezwa mwaka. Hoja hii ina nguvu. Hatuwezi kuitupa, kwa sababu sisi wenyewe tunalalamika juu ya sheria inayopindishwa.

Lakini jibu lake liko wazi. Aliyemfungia mgeni mlango atafutwe na aadhibiwe, awe mlinzi au awe aliyemtuma mlinzi. Aliyebadili saa bila idhini aadhibiwe, hata akiwa na cheo. Adhabu hiyo isipelekwe kwa umati uliokwisha kulipa. Mtu akigombana na bawabu wa basi, haifai basi zima lisimamishwe porini na abiria wote walale njiani hadi kesi ya bawabu iishe. Timu inayoona imeonewa iandike malalamiko yake, iyakabidhi kwa kamisaa wa mchezo, icheze chini ya malalamiko hayo, kisha shauri lisikilizwe katika siku chache. Ikionekana kuwa ilionewa, ipewe haki yake kwa pointi au kwa fidia. Hivyo haki ya klabu italindwa, na haki ya shabiki haitaguswa.

Tuangalie na wenzetu wa mbali. Mwezi Aprili 2021 klabu 12 tajiri za Ulaya zilitangaza kuwa zinaanzisha ligi yao wenyewe, ya wakubwa kwa wakubwa. Mashabiki wa Uingereza hawakungoja waitwe katika kikao. Walikwenda mbele ya viwanja vya timu zao wenyewe, si vya timu pinzani, wakasema hawataki. Katika muda wa siku mbili klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimejitoa. Nchini Ujerumani kanuni inataka wanachama wa klabu wawe na kura zaidi ya nusu, hata mwekezaji akiwa na fedha kiasi gani. Sisi tumeandika asilimia 51 katika karatasi zetu. Swali ni je, hiyo asilimia 51 inakaa wapi siku ambayo klabu inaamua kutokucheza? Nani alimwuliza mwanachama wa tawi la Kilosa au la Mikumi?

Baada ya kuwasema viongozi, haki inatutaka tujiseme na sisi. Kurasa zetu za michezo, siku saba kwa juma, zimejaa habari za vilabu viwili. Mchezaji wa Simba akipata mafua tunaandika. Mtibwa walipoteremka daraja tuliandika habari fupi chini ya ukurasa. Shabiki wetu naye ni hivyo hivyo. Uwanja wa Jamhuri na ule wa Manungu hujaa Simba au Yanga wanapokuja, na kati ya wanaoujaza wengi huvaa jezi ya mgeni. Mchezo wa Mtibwa na timu ya Mbeya au ya Kagera huchezwa mbele ya mabenchi matupu. Tukilalamika kuwa ligi ni ya wawili, tukumbuke ni nani anayeifanya iwe ya wawili kila Jumamosi.

Wala hatusemi mtu aache timu aipendayo. Mapenzi ya mpira hayaamriwi na tahariri. Mwenye Yanga yake abaki na Yanga yake, na mwenye Simba yake vivyo hivyo. Tunachosema ni kuwa mwanamume anaweza kumpenda rafiki wa mjini bila ya kumwacha ndugu yake afe njaa nyumbani.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yetu, nayo ni machache.

Kwanza, kanuni za ligi ziseme kwa lugha isiyo na mafumbo kuwa mchezo uliotangazwa utachezwa, na malalamiko yatasikilizwa baadaye. Mchezo uahirishwe kwa sababu za usalama, za hali ya hewa au za msiba wa taifa tu. Timu isiyofika ipoteze mchezo, iwe ya Turiani au ya Kariakoo, bila ya mtu kutafuta simu ya mkubwa.

Pili, siku na saa ya pambano kubwa zikitangazwa zisiguswe. Wa mjini anaweza kuongojea saa mbili zaidi akanywa chai. Wa Munisagara amekwisha kupanga basi la kurudia.

Tatu, mchezo ukiahirishwa kwa makosa ya klabu au ya chombo cha mpira, aliyelipa kiingilio arudishiwe fedha yake akitaka, bila ya kulazimishwa kungojea tarehe isiyojulikana. Klabu iliyokosa ilipe.

Nne, Bodi ya Ligi iwe na uwezo wa kusema ndiyo ikawa ndiyo, na hapana ikawa hapana. Mwamuzi anayetazama jukwaani kabla ya kupuliza filimbi si mwamuzi.

Tano, matawi ya vilabu mikoani yapewe sauti ya kweli. Tawi lisiwe mahali pa kukusanyia michango na kuuzia jezi tu. Mambo makubwa kama kugoma kucheza yajadiliwe na wanachama, na viongozi watoe hesabu yake katika mkutano mkuu.

Sita, sehemu ya fedha za televisheni ishuke hadi chini, kwenye viwanja vya wilaya na mashindano ya vijana. Wako watoto wa bonde la Mkondoa wanaopiga mpira wa matambara katika uwanja wenye mteremko, goli moja likiwa juu kuliko jingine. Mogella mwingine huenda yuko katikati yao, na hakuna wa kumwona.

Mwezi Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja heshima ya kuandaa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Ni heshima iliyotafutwa miaka mingi. Taifa Stars ilipofuzu kwa mara ya kwanza fainali hizo, zile zilizochezwa Nigeria mwaka 1980, nchi nzima ilifurahi pamoja, na hakuna aliyeuliza mfungaji ni wa Msimbazi au wa Jangwani. Nchi iliyoaminiwa kuyakaribisha mataifa 24 haina budi kwanza kuweza kuzikutanisha timu mbili za mji mmoja katika siku iliyotangazwa.

Ndugu zetu wa Msimbazi na wa Jangwani watusamehe ikiwa maneno yetu ni makali. Tunayasema kwa sababu tunawapenda, na kwa sababu tumelipa. Ratiba ya msimu ikitoka tena, yule wa Munisagara ataitazama tarehe ya pambano, atahesabu magunia yaliyobaki ghalani, na huenda akauza jingine. Yeye hajapata kugoma hata siku moja. Tunawaomba viongozi wamfikie huko aliko kwa ahadi moja tu, kwamba atakapofika uwanjani atawakuta.